Samaki Juu ya Mawe

Kabla sijaota meno nilikuwa tayari mama wa mwanamke mzima. Mwanamke huyo alikuwa jirani yetu katika nyumba za wafanyakazi wa reli pale Kamina, na tangu siku aliyonipa jina la marehemu mama yake hakuniita kitu kingine. "Mama, kuya ukule," aliniita nikale, kutoka upande wa pili wa ua, ilhali alikuwa na watoto wakubwa kunipita. Nilipovunja mtungi wake wa maji hakunipiga, maana nani anampiga mama yake? Watoto wake, ambao kwa hesabu hiyo walikuwa wajukuu zangu, walinipiga kwa niaba yake mara tu alipogeuka.

Hayo yote yasingekuwa na ajabu kama ningekuwa Mluba. Lakini mimi ni mtoto wa Waairishi wawili walioteremka Kamina kutoka treni ya kusini, baba akiwa fundi wa injini, mama akiwa na sanduku moja na mimba changa. Kwao, katika kisiwa ambacho mvua haijui msimu wake, mama alikuwa wa kanisa moja na baba wa kanisa jingine, na hiyo ilitosha. Siku waliyooana, ukoo wa mama ulimfungia mlango, na wa baba ukafanya vivyo hivyo. Haya niliyajua baadaye. Utotoni nilijua neno moja tu. Nikimwuliza mama bibi yangu yuko wapi, alijibu, "Walibaki," halafu akatafuta kitu cha kufuta vumbi. Kamina haikosi vumbi, kwa hiyo hakukosa kazi.

Kwa Waluba mtoto haji duniani peke yake. Kuna mtu wa ukoo, aliyekwisha kufa, anayemleta. Mtu huyo humtokea mama mjamzito ndotoni, na mtoto akizaliwa anapewa jina lake. Wakikosea jina, mtoto hulia na kuumwa mpaka jina la kweli lipatikane. Basi mimi nilizaliwa nikalia, na sikunyamaza. Nililia masika mazima. Baba alihamia kulala karakana. Mama naye alikuwa karibu kulia, ndipo jirani alipoingia bila kubisha hodi, akanichukua mikononi mwake, akamwuliza kama alipokuwa na mimba aliota mtu.

Mama hakuwa na Kiswahili kingi wakati ule, lakini alichokuwa nacho kilitosha. Alisema ndiyo, aliota mara nyingi, na ndoto ilikuwa ile ile: mwanamke kando ya maji mengi, anageuza samaki wanaokauka, mmoja baada ya mwingine, na hainui kichwa. Jirani alikaa chini sakafuni pale pale. Mama yake mzazi alikuwa amekufa kabla ya mvua zile, huko Kinkondja, na maisha yake yote aliyamaliza ufukweni mwa ziwa Kisale akigeuza samaki juu ya uchanja wa moshi. Alininong'oneza jina sikioni, nami nikanyamaza. Wote waliokuwapo waliapa hivyo mpaka uzeeni. Huenda nilichoka tu.

Hivyo ndivyo nilivyopata nkambo, kama wanavyoita bibi na babu na wote walio nyuma yao. Jirani alinifundisha ukoo wake wakati ananisuka, maana alisema mtu asiyejua alikotoka anaweza kuolewa na kaka yake. Nilijua mama wa Kinkondja alikuwa binti wa nani, na huyo alizaliwa na nani, mpaka kwa mvuvi mmoja aliyekuja na mtumbwi kutoka juu ya mto na kukataa kurudi. Niliyasema majina yale kwa kuyaimba kidogo, jinsi yanavyosemwa. Wanawake sokoni walinisimamisha, wakaniuliza mimi ni mwana wa nani, nami nikaanza, nao wakaishiwa nguvu kwa kucheka, wakanipa karanga. Nilijiona mtu kamili, niwaambie ukweli. Nilijiona mtu kuliko baba na mama, ambao walitokea hewani.

Kisha ikaja miaka ya nchi kubadilishwa jina, na mto, na fedha, na mwishowe sisi wenyewe. Agizo lilitoka juu kwamba majina ya watakatifu wa Ulaya yaachwe, kila mtu arudi kwenye jina la mababu. Watoto wachache wa Wazungu waliokuwa wamebaki Kamina walisomeshwa mbali, lakini baba alisema shule ni shule, nikakaa dawati moja na watoto wa makarani na wa maaskari wa Base, kambi ya jeshi nje ya mji. Mwalimu wetu, mtu wa Kasai mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alituambia kila mmoja asimame kesho yake, aseme jina lake jipya na nani katika ukoo alikuwa nalo. Watoto wengine walikwenda kuwahangaisha wazee wao. Mimi nililala usingizi mtamu. Jina nilikuwa nalo tangu masika ya kulia.

Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikayaimba yote, kutoka kwa mama wa Kinkondja hadi kwa mvuvi mwenye mtumbwi. Darasa lilipiga makofi. Mwalimu alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza, maana angekuwa mbaya ningemchukia na mambo yangekwisha.

"Bale ni ba jirani," alisema kwa upole. "Ba kwenu weye, beko wapi?"

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Nilikuwa nimeusikia msemo huo mara nyingi sana, na siku ile nilihisi upepo. Nilikaa. Mwalimu aliniambia nikaulize nyumbani, nije niseme nikiwa tayari, akamwita mwingine.

Nilirudi nyumbani nikipiga mateke kila jiwe la reli lililokuwa njiani. Mama na jirani walikuwa uani nyuma ya jiko, wanatwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu kimoja, mchi huu ukipanda ule ukishuka. Walikuwa wamezoeana hata hawakuhitaji kutazama. Nilimwuliza mama, kwa Kiswahili ili jirani asikie, bibi yangu alikuwa nani. Akasema, "Walibaki." Nikamwuliza walibaki wapi, na walikuwa na majina gani, na kwa nini mtoto wa askari aliyeletwa Base kutoka mwisho wa nchi anawajua watu wake mpaka wa saba na mimi sina hata mmoja. Nilisema maneno makali ambayo mtoto wa Kamina hamwambii mama yake. Nilisema, basi mimi sina mtu.

Jirani ndiye aliyenijibu. Alisema sina adabu, na tena mtu ninaye, nina mama yake mzima, aliyenileta mwenyewe kwa miguu yake katika ndoto, nataka nini zaidi.

Mchi wa mama ukabaki juu. Nakumbuka majani ya sombe yaliyonata mkononi mwake.

"Samaki ilikuwa juu ya majiwe," alisema.

Jirani alimtazama. "Ku Kinkondja hakuna majiwe," alisema.

Na kweli hakuna. Kinkondja kuna tope, na matete, na uchanja wa miti, na moshi unaoingia mpaka katika nywele za watu. Mama alikuwa amesimulia ndoto yake yote isipokuwa mawe na upepo wa baridi. Aliutua mchi polepole kando ya kinu, kana kwamba umekuwa mzito ghafla.

"Njo vile. Ule alikuwa mama yangu minyi," alisema, akijigusa kifuani.

Jirani alimwuliza kwa nini hakusema siku ile. Hakumwuliza kwa hasira. Alikuwa ameniita mama miaka yote hiyo, amenipa minofu ya samaki na kuwaachia wanawe vichwa, na bado aliuliza kwa sauti ya mtu anayemwuliza mgonjwa panapouma.

"Mulisema banakuyaka ba kufa tu," mama alijibu. "Minyi sikutaka akufe."

Hapo nilielewa, hata mimi. Mama alipoondoka kwao mama yake alikuwa hai, amemgeuzia mgongo, anageuza samaki wake juu ya mawe ya pwani bila kuinua kichwa. Hiyo ndiyo sura ya mwisho aliyoondoka nayo, na ndiyo iliyomfuata ndotoni. Halafu wanawake wakamfafanulia, kwa wema mtupu, kwamba anayekuja hivyo ni marehemu. Angesema "ni mama yangu," wangemwambia pole. Akawaachia wamchukue yule mwanamke wa ndoto awe wao, ili wa kwake aendelee kuishi. Na tangu hapo hakuthubutu kutuma neno kwao, wala kuuliza, maana asiyeuliza hajibiwi.

Kwa jirani hesabu ilikuwa rahisi: aliyekuja ndotoni amekufa, na huyu hakuwa ameliliwa. Alikifungua kitambaa kichwani, akakifunga kiunoni, akatoka. Sombe ilibaki katika kinu. Kabla jua halijaanza kushuka, wanawake wa nyumba za reli walikuwa wameingia uani kwetu na mikeka, wamekaa chini, miguu wameinyoosha, na mama amewekwa katikati. Walimlilia mwanamke ambaye hakuna aliyemwona hata mmoja wao. Wake wa makarani wa Kasai walikuja, wake wa maaskari waliokuwa wakiuza mkate njiani waliweka vikapu na kukaa. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alilia kwa lugha ya kwao, na hakuna aliyemwuliza maana ya maneno.

Kwa desturi ya pale maiti hatajwi peke yake. Lazima aitwe na walio nyuma yake, ili ajulikane huko aendako. Jirani alimshika mama mkono, akamwuliza kwa sauti ya kilio: mama yako alikuwa mwana wa nani?

Mama akataja. Wanawake wakalirudia jina, wakaliongezea vokali mwishoni ili likae mdomoni. Na huyo, mwana wa nani? Akataja tena. Alikuwa nayo yote. Kumbe kwao nako, kwenye pwani ile ya mawe, mtu huitwa kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake, yakifuatana kama mabehewa, na mtoto huyajua kabla ya kujua kusoma. Alikwenda nyuma mpaka kwa mwanamke mmoja aliyevuka kutoka kisiwa kidogo na ng'ombe mmoja na bila viatu. Zaidi ya hapo, alisema, hajui. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mgongo wake. Nilisikia watu wangu wakiingia mmoja mmoja, wakipokewa na wanawake wa Kamina kwa machozi, na niliyashika majina yao kwa pupa, nikiogopa yasije yakasimama kabla sijashiba.

Baba alifika na baiskeli yake, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, akakuta uwanja umejaa. Alimtazama mama. Mama alimwambia neno moja. Aliegemeza baiskeli ukutani, akanawa, akaenda kukaa na wanaume waliokuwa wamewasha moto nje ya ua. Siku chache baadaye, wakati anatia upepo gurudumu na mimi nimeshika pampu, alinitajia jina la mama yake na la baba yake bila kuulizwa, akasema basi, hao ndio wa kwake, nisije nikasema alininyima.

Nilirudi kwa mwalimu nikayasema yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikae. Hakuna aliyepiga makofi safari ile, na sikuyahitaji.

Kilio kilimfungua mama. Alianza kuzungumza habari za kwao wakati anafua, wakati anapepeta unga, hata nikachoka na hao mabibi niliowalilia. Palikuwa na sista mmoja katika misheni, mtu wa kisiwa chao, aliyekuwa anakwenda likizo. Mama alimwomba apite kijijini kwao, akaone kaburi, amletee udongo kidogo katika kitambaa. Kitambaa alikishona mwenyewe.

Sista alirudi mwanzoni mwa mvua. Alikaa kibarazani kwetu, jirani naye akiwapo, maana nani angemzuia. Alikirudisha kitambaa kikiwa kitupu.

"Kaburi sikuliona," alisema. "Nilipewa chai."

Mama hakuelewa. Sista ilimbidi aseme mara ya pili kwamba aliyemwandalia chai ni bibi mwenyewe. Mzee, mgongo umepinda, lakini mzima. Miaka yote alidhani binti yake ndiye aliyekasirika na hataki kusikia habari za kwao. Alitaka kujua mtoto anaitwaje. Sista alipomtajia jina langu la Kinkondja, alilirudia na kulirudia mpaka ulimi ukalizoea. Halafu akafungua kabati, akatoa furushi.

Ndani yake mlikuwa na samaki mkavu, mgumu kama ubao, mweupe kwa chumvi. Mama alimwinua akamnusa, akaupitisha mkono juu ya ngozi yake. Sikumwona tena mama yangu akiwa na sura ile, na niliishi naye miaka mingi. Jirani alimpokea samaki, akampindua, akamgonga kwa kidole. Alikuwa binti wa uchanja, hadanganywi.

"Iyi ni makayabu tu," alisema.

Na ilikuwa kweli. Samaki kama huyo wa chumvi aliuzwa katika soko la Kamina kila siku, na mama alikuwa akimpita bila kumtazama. Walicheka mpaka wakashikana. Walimloweka, wakampika na nyanya, tukamla na bukari, ule ugali wetu, jirani akilalamika kwamba watu wa huko hawajui moshi. Alipomaliza alinawa mikono, halafu akasema jambo alilokuwa akilifikiria tangu sista atoke. Kama mama yako ni mzima, alimwambia mama, na wazima hawaji, basi yule wa ndoto alikuwa wetu, mawe au si mawe. Akanigeukia na kuniita mama, kama zamani; tangu siku ya kilio alikuwa haniiti chochote. Sikuwa nimejua jinsi nilivyolikosa neno hilo.

Mama alisema tutakwenda kiangazi. Kiangazi kilipofika tulisema kijacho. Karakana ilikuwa imebadilisha mabwana, mishahara ilikuja kwa kusuasua, na kila treni iliyoondoka kuelekea kusini mama aliisikiliza akiwa ameshika kazi yake mkononi. Kisha vita vikalipuka huko kusini. Ndege zilishuka Base mchana kutwa, na njia ikafungwa. Alikuwa amempata mama yake, na hakuweza kumfikia. Nadhani hiyo ilimwumiza kuliko miaka ya kutojua. Alianza kununua makayabu kila wiki, akimla peke yake bila kumloweka, na chumvi yake yote.

Huku ninakoishi sasa watu huniuliza natoka wapi, halafu hutazama saa. Hakuna anayeuliza mimi ni mwana wa nani, akatulia asikie mpaka mwisho. Naikumbuka Kamina kwa swali hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Sista ndiye aliyeleta habari. Alikuja kwa miguu kutoka misheni, na kwa jinsi alivyotembea mama alijua. Bibi alikuwa amekufa kitandani mwake, wakati wa baridi. Jirani alikwenda kuchukua mkeka. Mama alisimama mlangoni, macho makavu, akamwambia hakuna haja, tulishamlilia, watu wasisumbuliwe mara mbili kwa maiti mmoja.

Jirani alitandika mkeka vile vile.

"Ile kilio ilikuwa ya weye," alisema. "Ya leo njo ya yeye."

Wanawake wakaja. Mama alikaa katikati, na swali lilipoulizwa, mama yako alikuwa mwana wa nani, aligeuka. Akaniangalia. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimefunga kitambaa kiunoni kama wengine. Nikaanza mimi. Niliyaita kwa kuyaimba, nikiongeza vokali pale wanawake walipoziongeza zamani, bibi, na baba yake, na waliomzaa, mpaka kwa yule aliyevuka maji na ng'ombe mmoja bila viatu. Hapo nikasimama, kwa kuwa hapo ndipo yalipoishia.

Jirani, aliyekuwa ameketi kando yangu, alivuta pumzi. Akaendelea na mama yake wa Kinkondja, na waliomzaa, mpaka kwa mvuvi mwenye mtumbwi, na wanawake wakarudia yote. Mama alilia, na hakuna aliyemsahihisha jirani.